Mashine Zimeingia Jikoni, Sisi Tumetoka
(Mazungumzo kwa vijana na wazazi wa Mjambere, Kisauni, baada ya swala ya alasiri)

Najua wengi mlitarajia mazungumzo juu ya nguzo za saumu au fadhila za kumi la mwisho. Hayo mashekhe wetu wameyaeleza vizuri na wataendelea kuyaeleza, nami si mwenye elimu hiyo. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya blenda. Msicheke. Blenda, birika la stima, maikrowevu, jiko la presha la stima, na hiki kikaangio cha hewa ambacho kila mtu sasa akiita eafraya.

Nisikizeni kwanza, kisha mtaamua wenyewe kama ni maneno ya kucheka.

SAA KUMI NA MBILI NA ROBO

Ramadhani moja, miaka michache iliyopita, nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka barazani kwetu, hapa hapa Mjambere. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni. Simu mkononi, mto kichwani, nangoja adhana. Ndugu zangu wawili walikuwa kando yangu, mmoja amelala kabisa. Kutoka jikoni nasikia blenda yanguruma, birika lachemka, eafraya yalia "ti ti ti" kwamba sambusa ziko tayari. Mimi nafsi yangu imetulia. Najiambia, alhamdulillahi, mamangu siku hizi hana taabu, kila kitu chajipika chenyewe.

Adhana ikaadhiniwa. Tukala tende, tukanywa maji, tukaanza uji. Mama haonekani. Nikaita, "Mama, mbona huji kufuturu?" Akajibu kutoka jikoni, "Nyinyi futuruni mwanangu, mimi naja sasa hivi, hizi kaimati za mwisho zitaungua."

Nikainuka kwenda kuchukua kijiko. Nikamkuta amesimama mbele ya karai, jasho lamtoka, mkono mmoja una unga, mkono wa pili ameshika kikombe cha maji. Alifungua saumu yake vile, kwa maji, amesimama, macho kwenye mafuta. Alipokuja kukaa nasi kwenye mkeka, sisi tulikuwa tumeshashiba, na kwenye sahani ya kaimati zilikuwa zimebaki nne.

Ndugu yangu msomaji, usiku ule baada ya tarawehe niliingia jikoni nikahesabu mashine. Zilikuwa sita. Zote zimenunuliwa na sisi watoto, na kila moja tulipoileta tulisema maneno yale yale: "Mama, sasa utapumzika." Mashine sita za kumpumzisha mtu mmoja, na mtu mwenyewe hapati nafasi ya kukaa chini ale tende!

Nikajiuliza, imekuwaje?

WATOTO WALIVYOTOLEWA KAZINI

Wazee walioko hapa watanisaidia kukumbuka. Mimi nilipokuwa mdogo, futari ilikuwa kazi ya nyumba nzima. Nazi yafuliwa kwenye kifuo, na hiyo ilikuwa kazi ya kaka mkubwa. Yavunjwa, maji yake twagombania (isipokuwa Ramadhani!), kisha yaja kazi ya mbuzi. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa juu ya mbuzi. Vijana wa leo, mbuzi ninayesema si wa kuchinjwa. Ni kile kibao cha kukalia chenye chuma cha meno mbele. Wakuna mpaka bega laingia moto, na ukiremba utakuna na kidole. Dadangu alikuwa na kifumbu, achuja tui la kwanza, aweka kando, kisha tui la pili. Mwengine apelekwa dukani kununua makaa. Mwengine ashika upepeo jikoni. Mwengine ateka maji. Mwengine apelekwa na debe la mahindi mashineni kusagisha. Mama alikuwa kama nahodha: achapa kazi, lakini pia ana mabaharia.

Sasa tazameni vile mashine zilivyoingia moja moja. Ilipokuja meko ya gesi, aliyekuwa akienda kununua makaa na yule wa upepeo wakaachishwa kazi. Ulipokuja unga wa paketi, yule wa debe akaachishwa. Na mwaka 2009 mimi mwenyewe, kwa mshahara wangu wa mwanzo, nilivuka Nyali Bridge nikaenda mjini, nikamnunulia mamangu blenda. Kutoka siku ile nazi ikawa yakatwa vipande, yatiwa kwenye jagi na maji ya vuguvugu, dakika moja, tui tayari. Nilifurahi mno. Kumbe niliyempumzisha si mama. Niliyempumzisha ni mimi! Mbuzi ulikuwa wangu. Bega lililopona ni langu. Kazi ya mama ya kupika ilibaki pale pale, na sasa juu yake ameongezwa kukata nazi vipande, kuchuja, na kuosha jagi.

Nilipoanza kutaja jambo hili kwa watu, mwalimu mmoja aliniambia kwamba yuko mwanahistoria wa Marekani, mwanamke, jina lake Ruth Schwartz Cowan, aliyeandika kitabu mwaka 1983 juu ya haya haya. Alichunguza majumba ya huko, jinsi majiko ya kisasa, mashine za kufulia na vyombo vya stima vilivyoingia, akaona kwamba mashine nyingi zilianza kwa kuondoa kazi za wanaume na watoto: kupasua kuni, kubeba maji, kusaga nafaka. Kazi za mama hazikuondoka. Na kwa vile sasa kila kitu chaonekana rahisi, watu wakaanza kudai zaidi: nguo safi kila siku, vyakula vya aina nyingi mezani. Wallahi niliposikia nilidhani huyo mama alipita Mjambere.

Maanake hebu tusemezane ukweli. Zamani futari ya kwetu ilikuwa uji, mbaazi na mahamri, au muhogo wa nazi, na tende. Siku ya tambi ilikuwa siku kubwa. Leo je? Leo twataka sambusa, katlesi, kaimati, viazi karai, sharubati ya embe, sharubati ya karakara, na kisha biriani ya daku. Tukiulizwa twasema, "Si kuna mashine?" Muda ule blenda iliouokoa, matumbo yetu yameuchukua, mama hakubakishiwa hata dakika.

BINTI WA AMI YANGU

Nitawapa mfano wa pili, na huu wauma zaidi.

Binti wa ami yangu alikwenda Saudia mwaka 2011 kufanya kazi za nyumbani, kama walivyokwenda wasichana wengi wa Kisauni, Likoni na Changamwe. Nyumba aliyofanyia kazi sitaitaja na haina haja. Aliporudi mwaka 2013 tulimzunguka kumwuliza habari za huko. Akatueleza juu ya jiko la nyumba ile. Mashine ya kukanda unga, mashine ya kukamua machungwa, mashine ya kukata vitunguu, oveni mbili, maikrowevu, mashine ya kuosha vyombo. Sisi midomo wazi. Dadangu mmoja akasema, "Basi wewe huko ulikuwa wala raha!"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ramadhani nilikuwa nalala saa tisa za usiku. Kila mashine yataka mtu wa kuijaza, kuitoa, na kuiosha. Mtu mwenyewe ni mimi."

Neno lile halijanitoka. Jiko lenye kila kitu, na ndani yake mtoto wa watu hana hata nafasi ya kusinzia. Mashine haina huruma wala haina dhulma. Wenye huruma na dhulma ni wanaoizunguka. Na kabla hatujawanyooshea kidole watu wa mbali, tuangalie majiko yetu. Yuko msichana wa kazi humu mtaani anayesimama peke yake saa kumi na mbili na robo? Yuko mke wa kaka aliyeolewa juzi, amebebeshwa karai la familia nzima kwa sababu "eafraya ipo"?

Nimalizie na kichekesho kidogo cha kisa hiki. Binti ami alituletea blenda kama zawadi. Nikaichomeka. Ikazunguka kwa kasi kama ndege yataka kuruka, ikatoa harufu, ikatoa moshi, ikafa. Umri wake Mjambere ulikuwa dakika moja. Fundi ndiye aliyetueleza: nyumba nyingi za Saudia zilikuwa na stima ya volti 127, na hapa kwetu ni 240. Vitu vya Marekani navyo ni volti 120. Kwa hivyo ukiletewa zawadi na mtu wa ng'ambo, igeuze kwanza usome kibandiko cha chini. Kikisema 220 mpaka 240, chomeka. Kikisema 110, 120 au 127 peke yake, usichomeke bila ya transfoma inayolingana na wati zake. Mola amlipe aliyeleta kwa nia yake.

MAMA WA TOKYO

Katika kutafuta habari za vyombo hivi nilikutana na kisa cha jiko la kupikia wali la stima, lile linalojizima lenyewe. Kampuni ya Toshiba ya Japani ililitoa sokoni mwaka 1955. Aliyepewa kazi ya kulibuni alikuwa fundi mmoja, Yoshitada Minami. Lakini Bwana Minami hakuwa mjuzi wa kupika wali. Mjuzi alikuwa mkewe, Fumiko. Ni yeye aliyefanya majaribio nyumbani, apika, apima, aandika, arudia tena, huku ana watoto wa kulea. Wakagundua kwamba wali wataka moto mkali kiasi cha dakika ishirini, kisha uachwe.

Basi wakatengeneza sufuria mbili, moja ndani ya nyingine. Maji ya sufuria ya nje yakikauka, na hesabu yake ni hizo dakika ishirini, joto lapanda kupita nyuzi 100, na swichi ndogo ndani yahisi lile joto na kujizima. Ufundi mzuri sana. Lakini ile swichi ilijifunza kwa nani? Ilijifunza kwa macho ya mama aliyekuwa akilinda chungu.

Nawaeleza haya ili tujue kwamba tunapobonyeza kidude na kusema "mashine imepika", nyuma yake mna ujuzi wa mtu. Na hapa kwetu ni hivyo hivyo. Blenda haijui tui la kwanza liingie lini kwenye mchuzi. Anayejua ni mama.

WIKI MOJA NILIYOINGIA JIKONI

Baada ya usiku ule wa kaimati nne, niliwakalisha ndugu zangu wawili. Tukakubaliana: wiki moja, mama atakuwa akitoa amri tu, kazi twafanya sisi. Wacha niwaambie tuliyojifunza, maanake hakuna chuo kinachofundisha haya.

Kwanza, blenda. Sharubati ya embe yenyewe ni dakika moja. Lakini kumenya embe, kukata, kuchuja nyuzi, kufungua jagi, kuosha visu vyake na ule mpira wa chini, na kupangusa meza, nilitazama saa: dakika ishirini na tano. Mashine yafanya dakika moja, binadamu afanya ishirini na nne. Pia tuliunguza moja kwa kuiacha inguruma mfululizo. Mota ndogo yataka izungushwe kidogo kidogo, ipumzike. Na kamwe usitie mchuzi wa moto ukafunga kifuniko kisawasawa. Mvuke hukisukuma na supu ikakurukia usoni. Ngoja upoe.

Pili, eafraya. Kampuni ya Philips ndiyo iliyoitoa kwa jina hilo mwaka 2010, na kwa hakika si kikaangio. Ni oveni ndogo yenye feni inayopuliza hewa ya moto. Ukijua hilo utajua chakula gani chake na kipi si chake. Sambusa ukizipaka mafuta kidogo zatoka vizuri, kuku atoka vizuri, katlesi pia. Lakini ndugu yangu mdogo, kwa ujuaji wake, alitia kaimati. Unga ni majimaji, ukapita kwenye matundu, ukagandana chini kama chapati iliyokasirika. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kaimati zataka karai, na viazi karai jina lake latosha.

Tatu, jiko la presha la stima. Hili nitalisifu. Kwa ule mvuke uliobanwa, maji huchemka kwenye joto la kama nyuzi 115 badala ya 100, na chombo kimefunikwa hakipotezi moto. Maharagwe, mbaazi kavu, kwato na nyama ngumu, vitu vya kukaa masaa jikoni, vyaiva kwa dakika arubaini hivi na jiko lajizima. Waweza kulitega, ukaenda kuswali alasiri na ukasoma Qur'ani yako. Lakini lina adabu zake. Usijaze kupita thuluthi mbili. Kwa maharagwe, nusu tu, kwa sababu hufanya povu. Tundu la mvuke lioshwe kila mara. Na mfuniko usilazimishwe kufunguka mpaka mvuke umalizike wenyewe. Mwenye haraka na presha atalala hospitali.

Nne, na hili ndilo kubwa. Siku ya tatu yetu jikoni, ilipofika saa kumi na mbili, ndugu yangu mkubwa alisema, "Hivi kwani lazima tufanye vyakula saba?" Hakuwahi kusema neno hilo miaka yote aliyokuwa akila. Alilisema aliposhika mwiko.

TOKENI NA HATARI

Wazazi hapa najua wana swali: na stima je? Hesabu yake ni nyepesi. Chukua wati zilizoandikwa chini ya chombo, zidisha kwa saa ulizotumia, gawanya kwa 1000. Jibu ni yuniti za tokeni.

Blenda ya wati 500 ukiitumia dakika tatu kila siku, yuniti moja yakutosha siku arubaini. Kwa hivyo msimgombeze mtoto kwa sharubati. Birika la wati 2000 kwa dakika sita ni moja ya tano ya yuniti. Ukichemsha mara tano, yuniti imekwenda. Eafraya ya wati 1500 kwa dakika ishirini haizidi nusu yuniti. Jiko la koili la wati 1500 ukipikia maharagwe masaa mawili, ni yuniti tatu. Jiko la presha kwa maharagwe yale yale ni kama nusu yuniti. Mtaona basi: kinachozunguka hakili tokeni, kinachotoa moto ndicho kinachokula. Na mpango wa bei ulioanza Aprili 2023 uliweka madaraja: matumizi ya mwezi yalipovuka yuniti 30 bei ya kila yuniti ilipanda, yalipovuka 100 ilipanda tena. Chemsha maji ya watu waliopo, usijaze birika kwa kikombe kimoja.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni ekstensheni. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13, maana yake mwisho wake ni kama wati 3000. Birika 2000, eafraya 1500, tayari ni 3500, na bado blenda na maikrowevu! Yote kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi, chini ya meza, sakafu ina maji. Ukiigusa plagi ukaona ina moto, hiyo ndiyo adhana yake. Birika na eafraya visiwashwe pamoja kwenye soketi moja. Usitie msumari wala waya mahali pa fyuzi. Mikono ikauke kabla ya kugusa swichi. Na stima ikikatika saa za futari, chomoa vyombo vyote, kwani ikirudi huweza kuja kwa nguvu ikaondoka navyo.

Watoto wadogo nao huja jikoni saa ile kwa njaa na harufu. Waya wa birika usining'inie. Mtoto huuvuta tu, na maji yanayochemka yanamshukia. Haya yametokea kwenye majumba ya watu, na funzo lake ni chungu.

SUNNA ILIYOSAHAULIKA

Nilisema mimi si shekhe, na sitavuka mpaka. Lakini hili kila mtoto wa madrasa amelisikia: Bibi Aisha, Mungu amuwiye radhi, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika akitoka kwenda kuswali. Amelipokea Imamu Bukhari. Huyu ni mtu aliyebeba umma mzima mabegani. Sisi tumebeba simu.

Na mnakijua kisa cha Bibi Fatima na jiwe la kusagia. Mikono yake iliota alama kwa kusaga, akaenda kwa babake kuomba mtumishi, na Mtume akawafuata nyumbani usiku, yeye na mumewe Ali, akawafundisha dhikri ya kusoma wanapolala. Mashekhe wametoa mafunzo mengi katika kisa hiki. Mimi nachukua moja dogo: zile alama za mikono hazikufichika. Zilijulikana, zimesimuliwa mpaka leo. Je, wewe waijua mikono ya mamako? Ushawahi kuitazama ina alama gani za mafuta ya moto?

TUFANYE NINI?

Sisemi tutupe mashine turudi kwenye mbuzi na kinu. Blenda ni neema, na jiko la presha ni neema. Mama mwenye maumivu ya mgongo asiambiwe akune nazi ili sisi tukumbuke zamani. Ninachosema ni kwamba mashine ikiingia jikoni, wewe usitoke.

Kwa hivyo naomba mambo manne, na ni mepesi.

La kwanza, kila mashine iwe na mwenyewe. Nyumbani kwetu blenda sasa ni ya ndugu yangu mdogo: kumenya, kusaga, kuosha, kupangusa, yote juu yake. Eafraya ni yangu. Mwenye kuiwasha ndiye mwenye kuiosha, na mwanamume hakosi uanaume wake kwa sponji.

La pili, tupunguze idadi ya vyakula. Viwili au vitatu vyatosha na tende. Israfu imekatazwa, na israfu si ya chakula peke yake. Kumaliza nguvu za mtu kwa ajili ya sahani ya sita nayo ni israfu.

La tatu, ukitaka kununua zawadi ya Ramadhani, usinunue kabla ya kuuliza. Ingia jikoni siku tatu kwanza, uone kazi gani inayomchosha mamako au mkeo. Pengine hataki eafraya. Pengine ataka meza ya kimo chake, au taa, au feni, au bomba lisilovuja.

La nne, na ndilo ninalolipenda: dakika kumi kabla ya adhana, mashine zote zizimwe, na mpishi awe wa kwanza kukaa kwenye mkeka. Kisichokuwa tayari kitangoja. Dua ya mwenye kufunga wakati wa kufuturu ni jambo kubwa, tunalifundishwa kila mwaka. Mbona basi yule aliyetulisha ndiye tunayemnyima utulivu wa kuiomba?

Mwaka ule, siku ya mwisho ya wiki yetu, mamangu alikaa mkekani kabla ya adhana. Futari ilikuwa uji, mbaazi, na mahamri ya dukani, maanake yetu yaligoma kuumuka. Alishika tende mkononi, akafumba macho, midomo yake ikawa yaenda. Sijui alikuwa aomba nini. Adhana ilipomaliza alinisukumia sahani akasema, "Mwanangu, mbaazi zako zina chumvi." Kisha akala sahani mbili.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awalipe kheri mama zetu, wake zetu, dada zetu, na kila anayetupikia kwa ujira au bila ya ujira, na awarehemu waliotangulia ambao mikono yao tunaikumbuka kila tukila. Amin.